Ubao wa Ratiba Nyuma ya Mlango

Kwako mama yangu mzazi,

Shikamoo. Naanza na goti, maana najua barua isiyouliza habari za goti lako utaikunja na kuiweka chini ya redio. Je, uvimbe umepungua? Ile dawa ya kuchua uliyopewa na muuguzi unaitumia, au umeihifadhi kabatini pamoja na zile nyingine unazosema unazitunza zisiishe? Dada naye hajambo na wanawe? Mwambie salamu zake zimenifikia, na lile neno aliloongeza mwishoni, kwamba mimi ni mtoto wa kiume aliyesomeshwa kuandika akasahau kwao, nalo limenifikia barabara.

Sisi huku tu wazima. Mjukuu wako ameng'oka meno mawili ya mbele na anaringia pengo kana kwamba kalichonga mwenyewe. Mkweo hajambo, anakusalimu sana, na habari zake ndizo zitakazojaza karatasi hizi, kwa hiyo tafuta miwani ukae vizuri.

Ulinilaumu kwamba siku hizi kwenye simu najibu kwa mkato: ndiyo mama, hapana mama, tutaongea mama. Una haki ya kulaumu. Lakini wewe na simu mnajuana, nusu ya maneno unayasema umeigeuza juu chini, na haya niliyonayo si ya kukatizwa na "haloo, haloo". Nimeona bora niyaandike. Yasome mwenyewe kwanza, halafu ndipo umpe dada.

Utakumbuka mwaka juzi mwishoni nilikudokezea kwamba masharti ya kuhitimu sekondari yamebadilishwa. Zamani mwanafunzi aliyechoshwa na hesabu aliruhusiwa kuiaga akimaliza kidato cha pili, akaendelea na masomo mengine, na cheti akapata. Nusu ya wanafunzi wetu walikuwa wakiiaga, tena kwa shangwe. Waraka mpya ukasema hakuna tena kuagana. Asiyefaulu hesabu hadi kidato cha nne hapati cheti, hata awe hodari namna gani kwingineko. Historia na uchoraji, yaliyokuwa yakihesabiwa, yakageuzwa kuwa masomo ya anayependa, tena kwa vidato viwili vya mwanzo tu.

Watu wa mitaani walidhani hiyo ni habari ya watoto. Walimu tulijua inatuhusu sisi kwanza. Mkuu wetu wa shule, yule mama mrefu uliyemsifia viatu siku ya mahafali, alituita chumba cha walimu, akasimama karibu na birika la chai, akaniambia mimi makamu wake niusome waraka kwa sauti. Nikausoma wote, aya baada ya aya, kwa ile sauti yangu ya matangazo. Walimu hawataongezwa. Vipindi vya hesabu vitakaribia mara mbili. Kila mwalimu awe na vipindi ishirini kwa wiki, na mwenye pungufu ataitwa wa ziada, ahamishiwe popote anapohitajika. Shule zimepewa mwaka mmoja wa kujipanga, kisha mkaguzi atapita kuhakikisha. Nilipomaliza, chai ilikuwa imechemka hadi birika linarusha kifuniko na hakuna aliyeinuka kulizima.

Sasa nikueleze kazi yangu, maana hujawahi kuiona kwa macho. Nyuma ya mlango wa ofisi yangu kuna ubao mkubwa wenye misumari midogo, safu kwa safu, na kila msumari ni kipindi kimoja cha darasa moja. Kila somo lina kadi za rangi yake. Hesabu ni buluu, uchoraji ni njano, historia ni kahawia. Mimi ndiye ninayezitundika. Nikianza kupanga ratiba, hakuna anayeruhusiwa kufungua mlango huo kwa kishindo, hata mkuu wa shule hubisha kama mgonjwa. Nilikuwa najivuna, mama, sitakuficha. Shule nzima ilikuwa ikiinuka na kuketi kwa misumari yangu.

Nikaanza kuzipanga buluu, na kila buluu iliyoingia ilimtoa mtu. Zikaisha kadi za buluu nikakata nyingine. Mwalimu mwenzangu wa historia nikamwokoa kwa vipindi vya jiografia, nikajipongeza kwa ujanja huo. Lakini njano hazikuwa na pa kukimbilia. Mwalimu wa uchoraji katika shule yetu ni mmoja tu, naye ni mke wangu. Nilipomaliza kumhesabia, alibaki na vipindi sita.

Hapo ndipo uliponipigia, ukasema mbona jambo lenyewe liko mikononi mwangu, mpangaji ratiba gani anayeshindwa kumfichia mkewe vipindi. Nami, mama, sikukasirika. Nilikuwa nimekwisha kuyawaza hayo kabla yako. Nilimpangia mkweo vipindi vya maktaba, vipindi vya usafi wa mazingira, na kingine nilichokiita malezi ambacho hata mimi sikujua ndani yake kutafundishwa nini. Nikaviandika kwenye kikaratasi, nikampelekea mezani wakati wa chai ya jioni kama mtu aliyeleta zawadi.

Alikisoma kile kikaratasi, akakirudisha upande wangu. Alisema hatakuwa mwalimu wa hisani ya mumewe. Alisema akihamishwa atahamishwa kwa haki, na akibaki atabaki kwa haki, na mimi nisimfanye akapita mbele ya wenzake akiangalia chini. Kisha akanikumbusha aya moja ya waraka niliyoisoma mwenyewe kwa sauti yangu nzuri: mwalimu wa somo lolote akifaulu mtihani wa hesabu wa walimu, kisha akafundisha muhula mmoja chini ya msimamizi, atahesabiwa mwalimu wa hesabu. Akasema atajaribu.

Nikacheka. Sikukusudia ubaya, kicheko kilinitoka tu. Unajua mkweo na hesabu, yeye mwenyewe ni kati ya wale walioiaga kidato cha pili kwa shangwe. Yeye hakucheka. Aliondoa vikombe mezani, changu kikiwa bado na chai.

Kuanzia wiki ile akawa mwanafunzi. Tunaye mwalimu mkongwe wa hesabu, watoto wamempa jina la Kipeuo, na sasa hata mkewe anamwita hivyo. Vipindi vilivyokuwa vimeongezeka vilimlazimu kufundisha mikondo miwili kwa pamoja katika bwalo la chakula, ubao umeegemezwa kwenye dirisha la jikoni, masufuria yakigongana nyuma yake. Huko ndiko mkweo alikokwenda kuketi, kila alipokuwa hana kipindi chake, kwenye benchi refu katikati ya watoto. Wakamwita Mgeni wa Darasa. Alikuwa akinyoosha mkono kuomba kujibu. Mtu mzima, mama, mwalimu wao wa mwaka uliopita, ananyoosha mkono, anajibu, anakosea, anaketi, ananyoosha tena.

Jaribio la kwanza alianguka vibaya. Kipeuo hana mdomo wa kubembeleza, alimwambia kwamba kwa alama zile angekuwa mwanawe angemtafutia ufundi. Nilimkuta jikoni anaosha chungu kilichokuwa kisafi tayari, machozi yanamdondoka. Nikamwambia si lazima, kuna shule nyingine, tutazoea kuonana likizo. Akaniambia kwa upole kabisa kwamba nikitaka kumsaidia nimchukue mtoto nje, anataka kurudia zile hesabu. Jumamosi zote zilizofuata mimi na mjukuu wako tulikuwa tukizunguka uwanja wa michezo kama walinzi.

Maumbo hayakumsumbua, jicho lake la mchoraji liliyamaliza upesi. Kilichomtesa ni zile herufi zinazojifanya tarakimu. Alizibandika ukutani, juu ya sinki, mlangoni mwa choo. Mjukuu wako huyu wa pengo akajua kutaja milinganyo kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Ikafika siku ya mtihani, mkweo akavaa lile gauni ulilomshonea, akasema ndani yake hajawahi kuaibika. Majibu yalipokuja, mkuu wa shule aliyasoma chumba cha walimu, na Kipeuo, ambaye sijawahi kumwona akishika mkono wa mtu kwa furaha, alivuka chumba kizima kwenda kumpa mkono.

Muhula uliofuata wakampa kidato cha pili, mkondo wa C. Kila shule ina mkondo kama huo. Mwalimu akitoka mle wenzake humwuliza kama yuko salama. Wiki ya kwanza nilijipitisha pitisha koridoni nikijifanya nakagua madirisha. Nilichokiona ni ubao. Mama, sijui nikuelezeje. Yeye hachori mduara, anauumba, na mistari yake inasimama bila rula. Mwalimu wa kipindi kilichofuata aliponyanyua dasta, watoto walimwomba aandike pembeni. Na watoto wale wale waliokuwa wakiruka dirishani walikuwa wameinama kwenye madaftari, wakigombana kwa sauti ndogo kuhusu pembe ipi ni sawa na ipi.

Mkaguzi alikuja muhula ulipokuwa unaisha. Mtu mfupi, mpole, mwenye mkoba uliotuna. Aliketi nyuma ya darasa la mkweo pamoja na Kipeuo, aliyekuwa msimamizi wake, nami nilikuwepo kwa cheo changu. Katikati ya somo, msichana mmoja wa mbele, mwenye sauti kama kengele, akauliza kwa nini kanuni iliyoandikwa ubaoni ifanye kazi kwa pembetatu hizi na si kwa zile. Kipeuo kando yangu akaacha kupumua. Mkweo akamtazama yule mtoto, akamwambia hajui, swali lake ni zuri kuliko jibu alilonalo, ampe hadi kesho, na darasa zima walitafute pamoja naye. Akaliandika swali lile kwenye kona ya ubao, akaendelea. Nilifumba macho nikasema basi, unga umemwagika.

Mkaguzi alipotoka alimwambia mkuu wa shule kwamba mwalimu huyu apitishwe leo hii. Kipeuo naye alitamka mbele ya wote, huku akikoroga chai yake, kwamba miaka yote aliyofundisha hajawahi kuliambia darasa hajui, na hakuwa akijua kila kitu. Mama, kifua kilinijaa. Nilitaka kupanda juu ya kiti. Nilijikaza kwa sababu ya cheo.

Sasa, mama, vuta pumzi, maana nimefika kwenye lile nililokuficha miezi yote hii.

Siku ile ile mkaguzi alikuja ofisini kwangu kuukagua ubao. Nikafunga mlango aone kazi yangu. Akausifu, akasema katika shule alizopita hajaona ratiba safi kama hii. Akawa anahesabu mwalimu mmoja mmoja kwa ncha ya kalamu: huyu ishirini, huyu ishirini na mbili, mkeo sasa ishirini na nne. Akafika mwisho, akageuka, akaniuliza kwa heshima zote kadi zangu mwenyewe ziko wapi.

Zilikuwa kwenye saraka ya meza. Huwa naziweka humo, kwa sababu tangu nilipopewa umakamu desturi yangu ni kuwatundika wenzangu wote kwanza, kisha mimi najichomeka kwenye misumari iliyobaki. Nikazitoa. Kadi za kahawia, vidato viwili vya chini tu, vipindi saba. Nikamweleza kwamba makamu hupunguziwa vipindi. Akafungua mkoba, akanionyesha kwa kidole aya ile katika waraka: punguzo la vyeo limefutwa, wote ishirini. Aya hiyo hiyo nilikuwa nimeisoma kwa sauti mbele ya birika la chai. Niliwahesabia walimu wote wa shule, nikamhurumia kila mmoja, nikamtungia mke wangu vipindi vya malezi, na sikujihesabu mimi. Mwalimu wa ziada katika shule yetu nilikuwa mimi.

Mkuu wa shule alipoitwa alikaa kitako, akacheka hadi akatafuta leso, kisha akaniomba radhi. Hata mkaguzi alitabasamu. Mimi sikuweza. Masikio yalikuwa yananiwaka.

Njia zilikuwa mbili. Kuna shule kubwa ya mbali, safari ya kutwa nzima, iliyokuwa inatafuta makamu mwenye uzoefu wa ratiba na bado ina vipindi vya historia vya kutosha. Nyumba ipo, cheo kipo, ila mkweo na mtoto wangebaki huku, maana kule hesabu imejaa. Au nibaki hapa, niuache umakamu ili nipate muda wa kusoma, nikabidhi funguo za ofisi, nianze pale mkweo alipoanzia: mwanafunzi wa hesabu, hadi nifaulu. Nikishindwa, nahamishwa popote, tena bila cheo.

Nilimweleza mkweo nikitumaini atanichagulia. Hakunichagulia. Aliniuliza tu ninachokitaka mwenyewe, na akasema lolote nitakaloamua hatanicheka. Neno hilo, mama, lilinichoma kuliko angenicheka mwezi mzima. Tangu wiki ile ndipo uliponisikia kwenye simu nikijibu ndiyo mama, hapana mama.

Nilirudisha funguo Jumatatu. Ofisi sasa anayo mwalimu wa Kiswahili, na ubao ule hautundiki vizuri, lakini simwambii. Tangu mwaka huu uanze nimekuwa nikiketi benchi la nyuma, kidato cha tatu mkondo wa C, darasa la mke wangu, magoti yananigonga dawati. Siku ya kwanza aliniita mbele nitatue mlinganyo. Nikakosea mstari wa pili, watoto wakaangua kicheko. Alisubiri wanyamaze, akasema kwamba katika chumba hiki anayekosea huwa ametusaidia wote kuona pa kukosea, kisha akanipa chaki nirudie. Hakunipendelea hata chembe. Jibu liliponijia, aliandika vema kubwa pembeni yake na kuniambia niketi, na mimi, mwanaume mzima mwenye mtoto wa pengo, nilirudi kwenye benchi langu natabasamu hadi mataya yananiuma.

Nimeishi na mwanamke huyu miaka yote hii nikidhani namjua. Nilijua anachora, nilijua anapika bila kupima chumvi, nilijua akikasirika anaosha vyombo visafi. Sikujua kwamba anaweza kusimama mbele ya watoto arobaini na mumewe, asiogope yeyote kati yao na asimtweze yeyote. Najivunia kuwa mumewe, mama. Sijawahi kukuandikia neno hilo, na naona haya kidogo kuliandika, lakini ndilo neno lenyewe.

Majibu ya mtihani wangu yametoka juzi. Jumatatu naanza kufundisha kidato cha kwanza, na msimamizi wangu wa muhula mzima, atakayeketi nyuma ya darasa na kuandika makosa yangu, ni yeye. Mkuu wa shule aliuliza kama kuna shida, mkweo akajibu shida ni kwangu nisipojiandaa. Hatuhami. Tutakuja wote watatu likizo ijayo, kama ulivyotaka.

Msalimie dada na wanawe, na umpe barua hii sasa, amekwisha kungoja vya kutosha. Wasalimie majirani pia. Najua umezoea kuwaambia mwanao ni makamu mkuu wa shule, na najua utaona vigumu kulibadilisha neno hilo mdomoni. Usiwafiche, mama. Waambie cheo nilikiacha kwa hiari yangu, nikaenda kufundishwa na mke wangu. Watacheka. Waache wacheke mpaka waridhike, halafu waambie kwamba amenifaulisha.

Uchue goti. Mungu akutunze hadi tuonane.

Ni mimi mwanao,
kitindamimba wako